Kichwani kwa Baba Kunafagiwa

Jumatano. Baridi, na upepo wa hapa Kitengela umeleta vumbi hadi ndani ya sukari.

Leo nimempeleka Baba Kajiado, soko la mifugo. Ni miezi minne tangu aanguke kutoka kwenye lori akipakia ng'ombe, akagonga kichwa.

Zamani nikitoka shule nilimpata hapo sokoni, fimbo kwapani, akibishania fahali. Alikuwa akiniinua juu ya ua niwaone ng'ombe wote. Alimjua kila mmoja kwa rangi na kwa mama yake. Mimi aliniita Nasieku, aliyewahi, kwa sababu nilizaliwa kabla ya siku zangu.

Sasa haniiti chochote.

Daktari alinieleza polepole kwamba seli za ubongo hujisafisha. Hukusanya vipande vyake vilivyoharibika, huvimeng'enya, kisha huvitumia tena. Baada ya pigo, uchafu huwa mwingi. Kazi hiyo ikikwama, seli zinaweza kufa. Ikizidi, pia inaweza kudhuru.

"Hakuna dawa ya kuiongoza?" nikauliza.

"Bado tunatafuta. Mlishe vizuri, alale, mzungumzishe."

Naungama: tangu siku hiyo nauogopa usafishaji huo. Je, kama jina langu lilifagiwa pamoja na vile vipande? Najua mambo hayaendi hivyo. Naogopa tu.

Sokoni, rafiki yake wa zamani alimsalimia kwa Kimaasai, "Supa!" Baba akajibu "Ipa" bila kusita. Kisha akamwendea ng'ombe mmoja mwekundu, akamfungua mdomo, akamkagua meno.

"Huyu si wa miaka miwili," akamwambia muuzaji. "Ni wa minne."

Watu wakacheka. Muuzaji akatazama chini.

Nami, mtu mzima niliye na watoto wawili, nikamwonea wivu ng'ombe.

Tulipokuwa tukivuka barabara kwenda kupanda basi, akanishika mkono.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wako, Baba."

"Basi nilibahatika," akasema.

Ndani ya basi nililia hadi mji wa Isinya, uso nimeugeuzia dirisha.

Jua bado liko juu na Baba ameshasinzia kwenye kochi, viatu miguuni. Sijui kama jina langu litarudi. Daktari pia hajui.

Jumatano ijayo tutaenda tena. Akiniuliza, nitamjibu.