Mwanya Niliouziba Muyenga

Mama Rehema, mke mwenzangu,

Amani ikufikie hapo ulipo. Leo unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo ulipokuwa hai hukuliweza hata siku moja. Nimemkosea mtoto wako, na wewe ndiye uliyeniachia, kwa hiyo nakuletea habari mwenyewe. Uyasamehe maandishi, shule niliiacha darasa la tano.

Kwanza nijisifu, maana nikianza na kosa utafunga uso. Rehema ni fundi wa sakafu. Si kibarua wa kubeba maji, si mpishi wa mafundi. Fundi. Kuanzia Kibuli mpaka Namuwongo wanamjua. Mwanamke mwenye suruali ya mifuko sita na penseli sikioni, huyo ni wetu. Akipita kwa boda na msumeno mapajani, watu wananiambia, "Mama Rehema, binti yako kapita." Na mimi naitika. Usinikasirikie kwa kuitika jina lako. Tangu ulipoondoka ukatuacha, Mungu hakunijalia jina jingine.

Basi mwezi uliopita alipata kazi ya kwanza ya peke yake, bila fundi mkubwa juu ya kichwa chake. Nyumba ya Muyenga, zile zilizochimbwa ndani ya kilima, hata chini ya sebule kuna chumba kingine. Ukuta wa nyuma uko ardhini, mbele kuna mlango wa vioo unaotazama ziwa. Wenyewe wanakiita besimenti. Chini ilikuwa simiti tupu. Mwenye nyumba alitaka kumlaza humo mama yake, bibi aliyevunjika nyonga, asiyeweza ngazi tena. Simiti ingemuumiza miguu kwa baridi, kwa hiyo juu yake zitandikwe zile mbao nyembamba za lamineti, zinazoumana zenyewe kwa meno bila msumari. Akamwambia Rehema, "Hiki kikiwa sawa, vyumba vyote vya juu ni vyako. Mama yangu akijikwaa, nitakutafuta popote ulipo." Na bibi alikuwa anatoka hospitali Alhamisi ya wiki ya pili.

Ungemwona mtoto wako anavyofanya kazi. Alianza kwa kubandika kipande cha kavera, plastiki nyepesi isiyopitisha maji, juu ya simiti, akaziba kingo zote kwa selotepu, akakiacha siku tatu. Mwenye nyumba akamcheka. "Fundi gani huyu analipwa kutazama kavera?" Yeye akamjibu taratibu, "Bosi, simiti inakunywa maji na haisemi. Hii ikitoka jasho chini yake, mbao zako zitaoza." Haikutoka jasho. Hata maboksi ya mbao aliyalaza humo siku mbili bila kuyafungua, eti yazoee hewa ya chumba. Nikamuuliza kama ni wageni, tuwatandikie na mkeka. Ndipo akatandaza kavera kubwa, juu yake sponji nyembamba, halafu mbao, moja baada ya moja, akizigonga kwa nyundo ya mpira.

Siku alipomaliza nilimpelekea chakula, matoke na samaki. Hakuwepo, alikuwa ameshuka mjini kutafuta kile kipande cha chuma kinachofunika mwisho wa mbao mlangoni. Nikavua viatu nikaingia. Mama Rehema, sakafu ile. Rangi ya chai ya maziwa, imenyooka, huoni msumari wala alama. Nililia kidogo. Halafu nikatazama ukutani.

Kulikuwa na mwanya. Upana wa kidole cha mwisho, kati ya mbao na ukuta, pande zote. Nilihisi aibu mpaka masikioni. Nikasema, mtoto amekosea vipimo, na yule bwana akiuona huu kazi imekwisha.

Unakumbuka tuliporudi nyumbani baada ya vita vya themanini na sita, tukakuta watu wamepasua sakafu yetu kwa sururu wakitafuta hela zilizofukiwa? Sisi ambao hatukuwa na hela hata za juu ya ardhi. Mzee wetu alikuwa hajarudi, tukachanganya simiti wenyewe, wewe na tumbo la Rehema likikutangulia. Ulinifokea kutwa nzima, "Usiache ufa hata wa wembe. Ufa ndio unaomkaribisha mtu na sururu yake." Tulipiga magoti mpaka tukashindwa kusimama. Sakafu ile ipo mpaka leo. Hiyo ndiyo sakafu ninayoijua mimi, iliyoshikana na ukuta.

Nje kulikuwa na nusu mfuko wa simiti na mchanga. Sikuwaza mara mbili. Nilikoroga kwenye karai, nikauziba mwanya ule kote, nikisawazisha kwa kijiko nilichokuja nacho cha chakula. Kazi safi, lazima nikuambie. Seremala akaja kupigilia zile mbao za ukingo zinazofunika ukuta unapokutana na sakafu. Akatazama, akasema, "Mama, hapa pamezibwa kweli." Nikafurahi kama aliyepewa kuku. Rehema aliporudi, mbao za ukingo zilikuwa zimefunika kila kitu. Nilitaka kumwambia. Lakini alisimama katikati ya chumba akitabasamu peke yake, nikasema moyoni, acha aone amefanya yote kwa mkono wake.

Likaja jua la siku nne mfululizo, linaingia kwa vile vioo asubuhi mpaka jioni. Jumanne mwenye nyumba akapiga simu. Rehema akaenda, akarudi uso umemshuka. Nilimwekea chai na chapati, hakugusa.

"Imepanda katikati, Mama Mkubwa, kama mkate unaoumuka. Nikikanyaga inashuka, nikiondoa mguu inapanda."

"Ni nini?"

"Maji. Yametoka kwenye simiti. Nilisoma kavera vibaya. Kesho naing'oa yote, na bosi nitamwambia atafute mwanamume."

Neno hilo liliniingia kama mwiba. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, ule mwanya wa ukutani ulikuwa wa nini.

"Mbao hizo zinatanuka joto na hewa vikibadilika. Zikikosa pa kwenda zinapanda juu. Lakini nafasi niliacha kote, kwa hiyo si hiyo."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Sikusema kitu, Mama Rehema. Mimi ambaye hata msibani huwa nasema. Niliogopa sentensi moja tu. Miaka yote hii, hata alipokuwa msichana mkaidi wa kupiga milango, hajawahi kuniambia wewe si mama yangu. Nikaona leo ataisema, na atakuwa na haki. Nikaosha vikombe. Nikaviosha tena.

Asubuhi nikamwambia nitafuatana naye, nimsaidie kubeba. Mwenye nyumba alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono kifuani. "Fundi, mama anakuja kesho. Nimwambie alale hewani?" Rehema akaweka begi lake chini. Jana yake alikuwa ameniambia rangi ile imekwisha dukani, na meno ya mbao yakivunjika hayaunganiki tena. Hata hivyo akapiga magoti pale palipopanda, akaingiza mtaimbo mdogo, akakandamiza. Jino la kwanza likavunjika. Nililisikia.

"Acha," nikasema. "Ni mimi."

Nilisema yote, mbele ya bwana yule, simiti na karai na kijiko. Sauti ilikuwa yangu lakini sikuitambua. Yule bwana akachekea puani. "Kumbe nimeajiri fundi mmoja, wamekuja wawili."

Rehema hakunitazama. Alikwenda ukutani, akang'oa ubao mmoja wa ukingo, akaona. Akapitisha kidole juu ya simiti yangu, polepole, mpaka kwenye kona. Nilisubiri ile sentensi. Akaenda kwenye begi lake, akarudi na patasi na nyundo, akaniwekea mkononi.

"Utaitoa mwenyewe, Mama Mkubwa. Kila chembe. Na mbao usiziguse."

Tulipiga magoti, yeye upande ule, mimi huku, mpaka alasiri. Vumbi lilinijaa puani, vidole vikatoka damu, sikuthubutu kupumzika. Tulipofungua upande wa tatu, sakafu ikatoa mlio mrefu, kama mzee anayekaa kitini, ikaanza kushuka. Haikushuka yote. Rehema akabadilisha ubao uliovunjika kwa ule mmoja uliobaki kwenye boksi, akaweka kiganja juu, akasema, "Tusubiri."

Alhamisi tulifika kabla ya gari la hospitali. Ilikuwa imelala chini, tambarare. Lakini mimi sikuiamini, wala yeye. Bibi akaingia na fimbo yake, hatua, fimbo, hatua, fimbo. Akafika pale katikati akasimama. Akatelezesha mguu mmoja mbele, akaurudisha.

"Hapa miguu hainiumi," akasema, akaendelea mpaka kitandani.

Mwenye nyumba hakutushukuru. Alipanda ngazi, akafungua mlango wa chumba cha juu, akaita, "Fundi, njoo upime."

Ile sentensi Rehema hajaisema. Wala hajasema amenisamehe, na sijamuuliza. Jana ameniletea mfuko wa vipande vidogo vya mbao, vyote unene mmoja. "Jumatatu unakuja na mimi. Kazi yako ni kuviweka kati ya mbao na ukuta. Nikimaliza unavitoa, na panabaki wazi. Umesikia? Wazi." Nimesikia.

Basi lala, mwenzangu. Nakuahidi sitagusa kazi yake bila kumuuliza, na nikimkosea tena nitamwambia siku hiyohiyo, atakavyonitazama na anitazame. Mungu akupanulie hapo ulipolala.

Mwenzako,
Khadija