Karatasi za Kupima Kanisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimechuma chai tangu asubuhi. Mgongo unalalamika. Mjukuu wangu Kwamboka amekuja kutoka chuo na karatasi za kuuliza watu wanaonaje kanisa. Kila swali lina majibu matano, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Imani anaipima kama maziwa. Nimemcheka. Lakini anaogopa mbwa na anaogopa wazee, kwa hivyo nitampeleka mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nyumba kumi na moja. Kila mahali chai na ndizi. Wote wanapenda kanisa. Kabisa, kabisa, kabisa. Hata Bosibori, ambaye kila Sabato yuko sokoni Ekerenyo. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu wake amepiga simu. Majibu yote yanafanana, hayafai. Arudie kufikia Ijumaa, la sivyo hamalizi masomo mwaka huu. Mtoto amelia jikoni. Nimemwambia aseme ni nani ameharibu. Akasema, "Magokoro, bibi yangu, wewe ni shemasi. Wewe ndiwe unayewaosha miguu siku ya Meza ya Bwana. Nani atasema mbele yako kwamba kanisa limemchosha?"
Imeniuma. Sijala.

Alhamisi, 6 Machi
Ameenda peke yake. Nimepalilia mboga za chinsaga ambazo hazina magugu. Amerudi jioni. Nimeuliza Bosibori amesemaje. Amekataa kuniambia. Nimeuliza tena, nikamwita kichwa ngumu. Akasema kichwa amekirithi kwangu. Nimemkasirikia. Nikampenda zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Ilibaki karatasi moja, yangu. Akaketi mbele yangu na kalamu, akanisomea. Swali la nne: kanisa lilinifariji nilipofiwa. Nyambane, mwanangu, baba wa huyu mtoto, alipokufa, wazee wa kanisa walibishana nyuma ya hema kama kwaya imwimbie, kwa sababu alikuwa anakunywa. Hawajui nilisikia. Kwamboka hajui.
Nimemwambia akaangalie ng'ombe.
Shule sikuenda, lakini darasa la ngumbaru, la watu wazima, lilinipa herufi za kutosha. Nimeweka alama mwenyewe. Sikubali kabisa. Swali la tano, nitaendelea kwenda kanisani: nakubali kabisa. Zote mbili ni kweli. Nimeichomeka karatasi yangu katikati ya zingine.
Ameondoka na gari la saa nane.
Nimechota maji. Nimepiga pasi kitambaa cha meza ya kanisa. Jua linatua, Sabato inaingia.