Mke Mwenza Mwenye Spika

Februari 3

Shemeji yangu mpiga chapa,

Nianze na hali, nisije nikaambiwa sina adabu. Magoti vipi? Usingizi vipi? Binti yako muuguzi bado anakunyima chumvi? Sisi huku wazima. Dada yako ndiye mzima kupita wote, jana kanifokea tangu asubuhi bila kusimama kunywa maji.

Nashika kalamu kwa sababu simu umeisusa. Nikipiga anapokea binti yako, anasema baba kasema uandike. Niandike! Mimi niliyeacha shule na mwalimu akashukuru. Haya, naandika. Ukikuta herufi imelala, iamshe. Wewe ndiye uliyezeekea kwenye mashine za chapa.

Sasa jambo lenyewe. Binti yako kaniambia, tena kwa furaha, kwamba tangu uhamie kwake umepata rafiki. Daktari wa meno. Ana spika ndefu kama kabati la nguo, na kila Jumamosi unakwenda kwake mnasikiliza muziki wa sinema.

Jumamosi, shemeji? Jumamosi ilikuwa yangu. Nilikuwa nafunga karakana mchana, nakupangusia vumbi la sponji kwenye kochi la mteja, tunaweka kanda, tunabishana mpaka dada yako anakuja kuchungulia kama kuna aliyekufa. Wewe na Mjane wako, mimi na Tarumbeta wangu, watungaji wetu wa muziki wa sinema. Majina yao halisi yalitushinda kutamka, tukawabatiza wenyewe: yule mama tukamwita Mjane kwa kuwa fidla zake zote zinalia msibani, na yule bwana Tarumbeta kwa kuwa hawezi kumvusha mtu barabara bila kumpigia tarumbeta.

Nilipomweleza dada yako habari za huyo daktari, alicheka mpaka akashika ukuta. "Pole, mume wangu," akasema. "Umeletewa mke mwenza, tena mwenye spika."

Wivu sina. Nauliza tu. Huyo Daktari Koleo anajua kwamba Mjane alimwibia Tarumbeta zile ngoma za kwenye picha ya wachimba mgodi? Umemwambia? Na anajua kubisha, au kila kitu anaitikia "aaa" kama wagonjwa wake?

Ni mimi shemeji yako,
Fundi makochi


Februari 21

Shemeji fundi,

Barua imefika. Herufi zilizolala nimeziamsha, ingawa nyingine nilikuta zimeshakata roho. Magoti yananibeba. Chumvi naiona kwa wenzangu. Mwambie dada yangu namsalimu, na asichoke kukufokea, ni dawa.

Daktari hastahili maneno yako. Ni mtu mpole, anatibu asubuhi tu, mchana yuko nyumbani na santuri zake. Tena anasema polepole, akikutazama usoni, si kama mtu mmoja ninayemjua anayebishana akiwa ameuma misumari ya kochi mdomoni.

Kuhusu wizi, Daktari anasema Mjane hakuiba. Anasema wote wawili walinywa kisima kimoja, kinanda cha kanisani. Ukisikiliza huku chini, kwenye sauti nzito, utakikuta kwa Mjane na utakikuta kwa Tarumbeta. Nimesikiliza huko chini, naona ana haki.

Na kuna jambo nimelitambua ambalo mimi na wewe hatukuwahi kuliona. Tuliweka ile picha ya stesheni. Treni inaondoka, ngoma zinaisha, yule mama anabaki peke yake na sanduku lake, na Mjane ananyamaza. Hapigi kitu kabisa, mpaka mama anapogeuka kuondoka. Mtungaji gani mwingine ana moyo huo? Tarumbeta wako angeleta bendi ya polisi. Nilimwambia Daktari kwamba ukimya ule ndio kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya Mjane. Hakubisha.

Wako,
Shemeji mpiga chapa


Machi 4

Shemeji,

Hali yangu usiulize, na yako siulizi. Kipya kinyemi, najua. Lakini sikujua kwamba kipya kinaweza kumtoa mtu akili.

Ukimya gani? Pale stesheni pana filimbi! Filimbi moja, nyembamba, juu kabisa, inatoka mbali kama treni imeisahau. Na aliyenionyesha ni nani? Si wewe? Mimi nilikuwa napigilia springi za kiti cha mwalimu mkuu, ukanishika mkono wenye nyundo ukasema nyamaza, sikiliza. Ukairudisha kanda, tukasikiliza tena. Ukatoa leso, ukadai ni vumbi la sponji. Kwa filimbi ile ulinishinda ubishi siku ile, mara moja tu katika maisha yangu. Leo unaniandikia haipo, na kwamba "hatukuwahi kuliona"?

Nimeelewa. Kwa Daktari ukimya ndio usomi. Watu wa spika kubwa wanapenda kusifu mahali pasipo na kitu. Umekaa kwenye zulia lake, umekunywa chai yake kwenye kikombe chenye mkono mwembamba, na filimbi yetu ikaonekana ya kishamba, ukaimeza. Koleo hakukung'oa meno, shemeji, kakung'oa mimi.

Mwulize mwenyewe. Mkalishe kwenye kiti chake cha wagonjwa umwulize: filimbi ipo, haipo? Au masikio yako yameziba siku hizi, tukuletee mrija na maji ya uvuguvugu?

Dada yako anasema nisiitume barua hii. Naituma.

Fundi makochi


Aprili 30

Shemeji yangu,

Hujambo? Nauliza kweli safari hii. Binti yako anasema u mzima, unakula, ila ukitajiwa jina langu unachukua gazeti.

Dada yako naye hasemi nami. Chakula napata, lakini kinawekwa mezani kwa kishindo. Kumbe mtu akizoea kufokewa, kimya kinamnyima usingizi.

Nami nimepata rafiki wangu, usidhani. Kinyozi wa jirani. Jumamosi anakuja, anakaa kwenye kochi, tunasikiliza. Nimemwekea picha ya wachimba mgodi akauliza mwimbaji ataingia saa ngapi. Nikamwambia hakuna mwimbaji. Akauliza, sasa huu ni wimbo wa nini? Nikamweleza habari za Tarumbeta, jinsi anavyoanza chini chini na kupanda kama maji kisimani. Nilipogeuka nikamkuta amelala, na mate kayatia kwenye kitambaa kipya cha mteja. Ni rafiki mzuri sana. Hapendi madaktari.

Shemeji, filimbi nimeisikiliza tena. Ipo. Nakutumia kanda, nimeirekodi kipande kile peke yake, mara nyingi mfululizo, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Sikiliza na wewe, bila Koleo. Ukisema bado haipo, nitakubali haipo, nitaacha kubisha kabisa. Sijawahi kukuahidi kitu kikubwa namna hii.

Shemeji yako


Mei 19

Shemeji fundi,

Natumaini dada yangu ameanza kukufokea tena.

Kanda nimeipata. Nilikwenda nayo kwa Daktari, unisamehe, sina redio yenye nguvu. Akaiweka, akapandisha sauti. Jirani wa kwanza akagonga ukuta, wa pili akaja mlangoni. Binti wa Daktari akakimbilia jikoni kaziba masikio. Mimi nikaweka kiganja juu ya spika. Ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo nikajua filimbi ipo. Kusikia, sikusikia.

Ilianza zamani, nikiwa bado kiwandani. Zilitangulia kupotea sauti nyembamba: ndege, kengele ya mlango, mjukuu akilia. Nikadhani dunia imetulia. Zile mashine, shemeji, nilizisimamia tangu ujana wangu bila kitu masikioni, na sasa zimedai chao. Nzito bado nazisikia. Ngoma za Tarumbeta nazipata vizuri, na hilo limeniuma, maana wewe umebaki na wako na mimi wangu ananiondokea.

Hili neno la "hatukuwahi kuliona," sikulisema kwa dharau. Nilikuwa nimesahau kwamba filimbi ilikuwapo. Nilisikia ukimya, ukanipendeza, nikausifu. Niliposoma barua yako nilikumbuka yote, na nyundo, na leso. Nikakaa na gazeti usoni nisionekane.

Daktari alijua siku ya kwanza. Nilikwenda kwake na jino. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha mdomoni, akaniuliza swali, sikujibu. Akauliza tena, nikamwambia Jumanne. Alikuwa ameniuliza kama naumwa upande wa kulia. Akakishusha kitambaa, akauliza mara ya tatu nikiwa naiona midomo yake, nikamjibu sawasawa. Tangu hapo hajaniambia kitu akiwa amegeuka. Jumamosi tukisikiliza anakaa kando yangu, na zile sauti nyembamba ananigongea kwa kidole mgongoni mwa mkono ili nijue zimeingia wapi. Kwenye stesheni hakugonga. Aliona nimefurahi, akaniachia.

Ndiyo sababu ya simu, na ndiyo sababu nilinyamaza. Sikuogopa utanicheka. Kucheka ungecheka, nimeshazoea. Niliogopa utanihurumia ukaacha kubishana nami, na mimi sina kingine kilichobaki katika muziki huu.

Shemeji yako,
Mpiga chapa


Juni 2

Shemeji,

Nimeisoma. Nikampa dada yako, akasoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema alijua tangu arusi ya binti yako, maana alikuona unawatazama watu midomo kama mtu mwenye njaa. Binti yako anajua. Daktari anajua. Nadhani hata jino lenyewe lilijua. Mimi niliyekaa nawe kuliko wote sikujua, na nimekaa leo kutwa na nyundo mkononi natafuta sababu. Sababu ni kwamba mimi nilikuwa nasema tu, na wewe unatikisa kichwa. Nilidhani nimekushinda.

Sasa nikwambie ukweli, na usinione mbaya. Wivu haujaisha, umezidi. Mwanzo niliona wivu wa spika. Sasa naona wivu wa kile kidole. Kwa nini mtu uliyemjua kwa kiti cha meno akugongee wewe mkono, na mimi nipo nampangusia mate kinyozi?

Kukuhurumia, futa. Mjane bado ni mwizi, na kisima cha kanisani ni hadithi ya watu wenye zulia.

Nimefanya kitu. Mjane katoa kazi mpya, inaonyeshwa mjini wiki hii. Nimemchukua dada yako, nimevaa viatu, tumekwenda. Yeye kaitazama picha na kuninong'oneza yanayotokea, mimi nimefumba macho, watu wakadhani kaleta baba yake. Nakuandikia yote niliyosikia, usome mahali pa kusikiliza.

Mwanzo giza, na fidla kubwa, ile inayokaa kati ya magoti, peke yake. Inakwenda kama mtu anayetafuta swichi ukutani kwenye nyumba isiyo yake. Mlango unafunguka. Zinaingia fidla ndogo, nyingi, lakini hazilii, shemeji, ndiyo mara ya kwanza Mjane halii. Zinanong'ona kama wanawake kwenye chumba cha mgonjwa. Halafu kijana wa kwenye picha anapoiona barua chini ya mlango, zote zinaacha, na inatoka sauti ya mwanamke. Haina maneno. Inapanda mara moja, juu, inakaa huko inatetemeka kidogo, kama uzi unaoupitisha kwenye sindano ukiwa umeshika pumzi. Haishuki. Unangoja ishuke, haishuki, picha inakatwa ikiwa bado huko juu. Dada yako akanishika goti. Na mimi mtu wa Tarumbeta nakwambia, pale kapatia.

Nitakuandikia mengine. Hii ni yako. Koleo asiione.

Shemeji yako


Juni 17

Shemeji fundi,

Barua yako nimeisoma kwenye kiti cha uani, mara nyingi, nikafika Jumamosi nikiwa nimeujua muziki ule kama niliousikia mwenyewe. Nikampa Daktari aisome. Ulinikataza, najua.

Alishaiona hiyo picha. Alifika kwenye sauti ya mwanamke akatabasamu, akanitazama usoni, akaniambia polepole kwamba umekosea. Pale hapana mwanamke. Ni fidla, imepigwa juu sana, na mtu asiye na mazoezi ya kusikiliza anaweza kudhani ni mtu anaimba.

Nikamwambia ni mwanamke. Akasema amesoma jalada la santuri, waimbaji hawamo. Nikamwambia jalada limechapwa vibaya, mimi nimechapa majalada, nayajua. Akasema, kwa upole wake, lakini wewe hukuisikia. Nikamwambia sikuisikia, ila namjua aliyeisikia. Nilichukua kofia yangu. Jumamosi hii sikwenda, na amemtuma binti yake na keki, nimeila.

Huenda ana haki. Mimi siwezi tena kujua. Lakini kubishana na wewe ni kazi yangu, sikumpa mtu. Njoo na dada yangu, uniambie ana kwa ana kama ni mwanamke au ni fidla, na misumari uitoe mdomoni.

Shemeji yako