Sakafu ya Trela la Naetwe

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimeziba tena pembe za dirisha kwa pati ya vioo. Wingu limelala juu ya mlima tangu asubuhi. Mke wangu Naetwe amekohoa sana. Trela linanuka, si sana, kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Mimi ni seremala. Pua yangu haidanganyiki.

Daktari alipomruhusu mke wangu kutoka hospitali alitaka mambo mawili: alale peke yake, alale pakavu. Nyumba yetu ni chumba na jiko, na moshi tele. Ndipo nikaleta trela hili. Mzungu mpimaji ardhi alilitelekeza karakanani kwetu Ngarenaro, mjini, aliporudi kwao, na tajiri wangu, Mzee Gurdev, akasema nilichukue, linamzibia njia. Ng'ombe walilivuta mpaka huku kijijini Poli watu wakicheka: seremala kaoa nyumba yenye matairi. Wacheke tu.

Pakavu. Hilo nilimwahidi.

Alhamisi, 7 Machi
Sakafu inabonyea chini ya kitanda. Nimegonga kwa mpini wa nyundo. Mlangoni inalia ko, ko. Kitandani inasema bu. Nimechomeka bisibisi, ikazama kama kwenye ndizi mbivu.

Naetwe ananitazama. Akacheka: "Baba Ruthi, umekuja kunitibu mimi au mbao?"

Sikucheka. Nina hasira na hizi mbao kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee Gurdev kanipa debe la lami. Anasema maji ya trela huanzia paani, au dirishani, yakateremka ndani ya ukuta usiyaone, mpaka sakafu ioze. Nimepaka kila kiungo cha bati. Mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Baba alinishikia ngazi. Hajaingia trelani hata siku moja, wala hataingia. Kwetu mkwe hakanyagi anapolala mke wa mwanawe, awe mzima au mgonjwa. Kila asubuhi husimama nje, mbali kidogo, ananiuliza, "Amelalaje?" Nami humwambia amelala vizuri. Uongo. Huchukua panga lake akaenda migombani.

Jumapili, 17 Machi
Mvua wiki nzima. Paa halijavuja hata tone! Kanisani nimeimba kwa sauti mpaka mzee wa mbele akageuka.

Nimerudi, nikashika ncha ya blanketi iliyogusa sakafu. Mbichi. Nimetukana Jumapili, Mungu anisamehe. Maji yanapita wapi? Paa zima. Madirisha mazima. Ukuta nimeugonga wote, unalia vizuri. Mvua hutoka juu, nani amewahi kuona mvua ya kutoka chini?

Jumatano, 27 Machi
Nimeng'oa zulia la mpira. Ubao wa juu mweusi, una uyoga mweupe. Nimeukata wote, nikatia mbao za mwerezi, kavu kabisa, nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kabati la mtu. Wa kabati atasubiri.

Naetwe alisema zinanukia vizuri. Aliomba nimwachie kipande akae nacho mkononi.

Jioni katema damu.

Jumatatu, 8 Aprili
Barabara ya mjini ni tope tupu, baiskeli nimeibeba badala ya yenyewe kunibeba. Daktari kaja mwenyewe kwa miguu kutoka alipoacha gari. Kampiga sindano. Kaniita nje. Sitaki kuandika alichosema.

Baba alikuwa nyuma ya trela na mzigo wa majani. Nilidhani ni ya ng'ombe. Nilimpita bila kumwamkia, mtu mzima mimi.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili
Mwerezi umeanza kuvimba. Mwerezi! Mbao zisizojua kuoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini nionyesheni huo ufa.

Naetwe hali tena. Ruthi, binti yetu, anamlowanishia midomo kwa maziwa. Sikwenda kanisani. Ninaogopa.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili
Naetwe amefariki alfajiri. Kipande cha mwerezi kilikuwa chini ya mto.

Jumamosi, 4 Mei
Wageni wa msiba wamekwisha kutawanyika. Leo nimekwenda kwenye trela na nyundo. Sikutaka kulitengeneza. Nilitaka kitu cha kupiga.

Uvunguni mwa trela nilikuwa nimezungushia mabanzi ya mbao, kuku na mbuzi wasiingie. Upande wa nyuma, unaotazama mlima, banzi moja lilikuwa limelegezwa. Nikaling'oa. Nikaona majani ya mgomba. Yamesokomezwa tangu mwanzo mpaka mwisho, yamebanwa juu mpaka yanagusa sakafu. Ya mbele makavu, ya juzi juzi. Ya ndani meusi, yanachuruzika, yana funza. Maji yote yanayoteremka shambani yalikuwa yanapita pale, na majani yanayanywa na kuyapandisha. Yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya mgomba. Fundo lile nalijua. Alinifundisha mimi.

Baba.

Nyumba za wazee wetu ziliezekwa kwa majani hayo, na hakuna baridi ya mlima iliyopenya. Kuingia ndani hawezi. Basi akamtandikia mkwewe kwa chini.

Nilikaa kwenye tope. Nilimchukia. Nimeliandika hapa ili lisitoke mdomoni.

Jumapili, 5 Mei
Nimemwuliza Ruthi. Alijua. Mama yake pia alijua. Kila alipomsikia mzee akikwaruza chini ya sakafu alikuwa anatabasamu: "Huyo ni babu yako, ananitandikia. Usimwambie mtu, utamwaibisha." Ruthi analia, anadhani amekosea. Nimemwambia hajakosea.

Daktari alikwisha kusema mapafu yalikuwa yameisha kabla hata hatujamtoa hospitali. Labda. Kwamba unyevu ule ulimpunguzia siku, au haukumpunguzia, sijui. Sitajua.

Jumanne, 14 Mei
Mvua imepungua. Nimelinyanyua trela juu ya mawe, nikachimba mfereji upande wa mlima, nikapaka lami maboriti ya chini. Mabanzi sikurudisha. Upepo unapita uvunguni, kuku wamehamia. Majani niliyachoma mwisho wa shamba Baba alipokuwa kwenye kikao cha ukoo.

Amekuja jioni. Nikamwambia shikamoo, akaitikia. Akainama, akachungulia uvunguni palipobaki patupu. Nikasema haraka kwamba niliona mchwa, nikaondoa kila kitu.

Akajinyoosha. Kisha akauliza kama joto lilikuwa linamfikia.

"Lilimfikia, Baba. Alikuwa anakusikia. Alikuwa anafurahi."

Akasema, "Basi." Akaenda kumpa ng'ombe majani.

Lami bado haijakauka. Kesho nitaipaka tena, mkono wa pili.