Sentensi Niliyomwandikia Naomi

Jumamosi, Kinyangiri. Upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, na wala sina hamu ya kula. Nina aibu. Nimeona niiandike hapa kabla sijaanza kujitetea.

Nafundisha Kiingereza, kidato cha pili. Wiki hii tulikuwa kwenye zile sentensi za "who" na "whose", kile kipande kinachoeleza unamsema mtu yupi ili asichanganywe na mwingine. Kwa Kiswahili ni "ambaye" tu, lakini darasani ilikuwa kazi kwelikweli. Saa nane mchana nusu yao wanasinzia, nusu wanaangalia dirishani.

Alhamisi nikasema niwachangamshe. Naandika ubaoni sentensi kuhusu mmoja wao bila kumtaja jina, wao wanabahatisha ni nani. Mvulana ambaye anadaka penalti. Msichana ambaye anaanzisha nyimbo za kwaya. Loo, darasa likaamka! Mikono juu, kelele, raha tupu. Nikajiona mwalimu hodari.

Ikafika zamu ya Naomi, anayekaa dawati la nyuma. Nikaandika: msichana ambaye mama yake anapika pombe.

Sikufikiri hata kidogo.

Hakuna aliyebahatisha. Darasa zima liligeuka nyuma kwa pamoja. Mmoja akapiga kelele, "Kilabuni!" wakacheka huku wanagonga madawati. Na mimi nilicheka. Mkuu wa shule naweza kumficha, hapa siwezi. Nilicheka, halafu nikawaambia mnaona, sentensi ikieleza vizuri jibu linakuja lenyewe. Naomi alikuwa ameinamia daftari, ananakili ile sentensi.

Jana hakuja shule.

Leo asubuhi nimekwenda kwao. Nimemkuta mama yake uani, anakoroga pombe ya mtama kwenye pipa. Nikamwamkia, akaitikia, akanawa mikono, akanipa kigoda. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na pale yote yakaniishia. Nikasema tu kwamba nimemkosea mtoto wake, nimekuja kuomba radhi.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Pombe napika, mwalimu, si siri," alisema. "Hata sare yake imetoka kwenye pipa hili. Lakini miaka miwili unaye darasani. Hukuona kingine?"

Jamani, nilitafuta. Nilitafuta anapenda nini, rafiki yake nani, anachekeshwa na nini. Nikaambulia kusema ni mtoto mtulivu.

"Naomi? Mtulivu?" Mama yake aliniangalia kama nimekosea nyumba. "Huyu tunamwambia anyamaze ili tule!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto ambaye kwao hanyamazi, kwangu amekaa miaka miwili bila neno, na mimi ule ukimya niliuita nidhamu. Niliwahi hata kumsifia kwenye ripoti.

Naomi akatoka ndani na ndoo. Akaniamkia shikamoo, kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyonichoma. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, nikamsihi arudi Jumatatu, maana mtihani wa taifa uko karibu na akiacha sasa sijui kama atarudi tena.

"Nitajaribu, madamu," alisema, anaangalia ndoo. "Ila usinitolee mfano tena."

Nitajaribu. Hakusema nitakuja.

Jumatatu nitasimama mbele ya darasa lilelile niseme nilikosea, Naomi awepo asiwepo. Najua watashangaa, walimu hatuna mazoea hayo. Naogopa pia, nisidanganye. Lakini walimcheka, na mimi wakanisikia nikicheka, basi na hili walisikie kutoka kwangu.

Mchana huu nimefungua daftari la mahudhurio. Nimejiwekea kazi: kila jina, sentensi moja yenye "ambaye", ya kitu ambacho mtoto mwenyewe angependa kutambulishwa nacho. Kisiwe cha mzazi wake, wala cha kiatu chake kilichotoboka. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nimefika jina la kumi, na wanne tu ndio nimeweza kuwaandikia.