Sikuwa wa Kwanza Darasani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Bahi mvua imekuja na bibi yako amepanda mtama. Mimi sitoki tena kitandani. Unaniuliza kama uache ukarani usomee uuguzi, nawe mtihani wa shule ulikushinda.

Nimewaambia wote kwamba niliongoza shule ya Wajerumani. Sitaki kuzikwa na uongo huo. Nilikuwa wa mwisho. Walinipa ukarani bomani, nikaharibu barua nyingi, wakanipeleka kufagia wodi ya hospitali yao.

Humo alilazwa mama mmoja wa Kigogo mwenye kidonda mguuni. Wasaidizi wa daktari, vijana waliofaulu, walimwendea na bandeji bila hata salamu, naye akauficha mguu siku tatu. Kidonda kikaanza kuoza. Mimi niliweka ufagio chini, nikamwamkia kwa Kigogo, nikauliza hali ya watoto, ng'ombe na mvua ya kwao.

"Kumbe humu kuna mtu," akasema, akaunyoosha mguu. "Nifunge wewe, mfagiaji."

Daktari alikuwa amesimama karibu, akanifundisha palepale kufunga kidonda; ndivyo nilivyoanza kazi ya uuguzi.

Nenda, Neema. Wakikuuliza alama zako, waambie ukweli. Usifanye kama mimi babu yako.