Mkataba wa Chumba cha Tatu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wakesho amepiga simu kutoka Nairobi. Ile kazi yake imekwisha — mkataba wa dunia kuhusu wakimbizi, ule wa 1951, ameuandika kwa Kiswahili chepesi. Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya wakimbizi, atasimama mbele ya mabalozi asome. Binti yangu. Yule niliyemfunza kusoma kwa pakiti za unga hapa Mwakingali, Voi.

Nimemwambia mama wa mboga. Nimemwambia fundi wa baiskeli. Mchungaji nilipanga kumwambia Jumapili, ila nadhani atakuwa ameshasikia.

Amenitumia kurasa kumi na mbili kwenye simu nikague lugha. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mikataba naijua. Nina vyumba vitatu vya kupangisha na hakuna mpangaji aliyewahi kunipeleka kwa chifu.

Jumatano, 11 Juni

Nimesoma hadi kifungu cha kumi. Lugha ni safi — imetoka kwangu hiyo. Mambo yenyewe ndiyo sijui.

Nimetafuta nani amesaini. Ni nchi na nchi. Mkimbizi hayuko. Mkataba wangu una mistari miwili chini, mmoja wa mwenye nyumba, mmoja wa mpangaji. Huu una wenye nyumba peke yao, wamekubaliana wao kwa wao jinsi ya kumkaribisha mtu ambaye hakuulizwa.

Halafu Wakesho anasema nchi ikisaini inaweza kuandika pembeni: kifungu hiki na hiki sivitaki. Si vyote, lakini vingi. Kiilu wa chumba cha kwanza angeniandikia hivyo, ningemsaidia kubeba godoro hadi nje ya lango.

Na mwanzo ulikuwa wa watu waliokimbia mambo ya kabla ya 1951, hasa kule Ulaya. Ilichukua miaka kumi na sita kuongeza karatasi ya kusema, na wengine pia.

Nimemwambia Wakesho haya yote. Amecheka. "Mama, hayo maprofesa wameandikia vitabu." Basi. Darasa la saba.

Jumamosi, 14 Juni

Gauni la Wakesho liko tayari. Kitenge cha bluu, mshono hauonekani hata ukiutafuta. Amelishona Alice wa chumba cha tatu. Litaondoka na basi la jioni.

Alice ni Mkongomani wa Uvira. Aliandikishwa kambini Kakuma, akapewa ruhusa ya kwenda kutibiwa jicho Mombasa. Wakati wa kurudi akashuka Voi kununua maji, akaona duka la vitambaa lisilo na fundi. Hajapanda basi tena. Ruhusa iliisha Februari.

Kiswahili chake hunichekesha. "Mama, batu ba huku banapenda mifuko mukubwa." Nikamwuliza, wewe Kiswahili ulifunzwa na nani? "Na mama yangu. Na Wakesho, alifunzwa na nani?" Nikalikunja gauni.

Kifungu cha ishirini na sita nimekisoma mara mbili. Mkimbizi aliye nchini kihalali achague mahali pa kukaa, atembee kwa uhuru kama mgeni mwingine yeyote. Mzungu anayekuja kupiga picha ndovu hulala anapotaka. Alice ana cherehani na wateja, na akiona gari la polisi anainama kama anayefunga kiatu. Huvaa ndara.

Jumatatu, 16 Juni

Maxwell, mzee wetu wa nyumba kumi, ameleta fomu. Kila mwenye ploti aandike wapangaji wake: jina, nambari ya kitambulisho, nchi. Wakimbizi wasio na ruhusa watarudishwa kambini. Atapita kuichukua Ijumaa.

"Mama Wakesho, wewe huna shida. Mtoto wako ndiye sheria yenyewe."

Nimemwambia ndivyo. Nikamwonyesha picha za mahafali, zote. Kule chumba cha tatu cherehani ilikuwa imenyamaza tangu alipobisha.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Wakesho. Nimeuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mvua: kwenye fomu ya Maxwell, mstari wa tatu niandike nini?

"Mama, siwezi kukwambia uandike uongo. Kazi yangu itakwenda."

"Mkataba wako unasema nini?"

"Unasema asirudishwe kwenye hatari. Kisheria, kambi si hatari."

"Na ishirini na sita?"

"Hapo kila nchi ina njia zake. Nitaandika barua ya kumwombea ruhusa. Itachukua miezi."

Anaongea vizuri huyu mtoto. Hata akikosa jibu, analikosa kwa utaratibu.

Amenieleza pia kwamba kuna nchi tajiri zinazolipa nchi nyingine ziwakalishe wakimbizi huko huko, wasifike kwao. Hilo nimelielewa haraka. Ni mtu kukuletea sukari ili mgeni wake anywe chai kwako.

Jioni nimempelekea Alice kimanga, muhogo wa kuponda na maharagwe. Hakula. Anataka mkataba. Wengine nimewaandikia, yeye sikumwandikia kwa sababu hana kitambulisho cha hapa. "Mama, dunia yote banasaini juu yangu. Miye pia nisaini moja."

Nimechukua karatasi ya mistari. Mwandiko wangu ulisifiwa hata na mkaguzi wa shule. Nimeandika yale yale ya wote: asimwage maji ya sabuni mlangoni, asipige kelele, na mwenye nyumba hatamtoa bila notisi ya mwezi mmoja. Amesaini. Nimesaini. Nakala yake ameikunja mara nne, akaiweka kwenye kopo la sindano.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimemkumbuka nyanya. Waingereza walipopigana na Wajerumani hapa kwetu, watu wa Kasighau walitolewa mlimani wakapelekwa Malindi. Yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudi baada ya miaka ishirini.

Nimemwandikia Wakesho: je, nyanya angehesabiwa mkimbizi? Amejibu hapana, kwa sababu hakuvuka mpaka wa nchi.

Kweli. Alivuka vitu vingine vyote.

Nyanya hakupenda kuhesabiwa. Hata kuku wake hakutaka wahesabiwe. Alisema siku ile ya kutolewa mlimani watu walihesabiwa kwanza.

Ijumaa, 20 Juni

Saa nne asubuhi Wakesho alikuwa laivu. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Amependeza. Mumbe wa chumba cha pili amesema anafanana na waziri. Nimemwambia waziri ndiye anafanana naye. Alice hakuangalia uso, aliangalia mabega. "Bega ya kushoto inavuta kidogo."

Maxwell amebisha. Alice ametoka kwa mlango wa nyuma, akarudi chumbani kwake.

Nimempa Maxwell chai na kiti cha mbele. Wakesho alikuwa amefika ishirini na sita. Achague mahali pa kukaa. Sauti haikutetemeka. Mabalozi wamepiga makofi. Maxwell pia, kikombe kikiwa gotini.

"Mama Wakesho, umezaa. Na hilo gauni? Limeshonwa Nairobi?"

"Hapa hapa Voi."

"Fundi gani huyo? Mke wangu anamtafuta mtu kama huyo."

Nimesema fundi ana kazi nyingi. Akanywa chai. Akafuta mdomo. "Haya, tumalize ile fomu."

Nimemwambia asubiri nitafute miwani.

Sasa niko chumbani, naandika hapa. Karatasi mbili ziko kitandani. Moja ina sahihi yangu tayari, ya Jumanne, notisi mwezi mmoja. Nyingine ni fomu ya Maxwell. Nimeandika Kiilu. Nimeandika Mumbe. Mstari wa tatu ni mrefu kuliko hiyo mingine, au ndivyo ninavyouona. Sijawahi kuvunja mkataba. Mtaa mzima unajua, niliwaambia mwenyewe.

Lango limelia — ni Kiilu anatoka. Na kule nyuma cherehani imeanza. Alice amedhani ni Maxwell ameondoka.

Maxwell ameuliza hiyo ni nini inayolia. Sasa anauliza kama aje anisaidie kutafuta miwani.

Miwani ninayo usoni.